Kikombe cha Tatu

Nyumba ya Wageni, chumba namba 7,
Ng'ambo ya maji.
Alhamisi, 14 Agosti

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wote walio chini ya dari yako. Goti linasemaje? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba siku hizi linapanda ngazi kwa masharti, nikacheka peke yangu, halafu nikaona haya kwa kucheka. Natumaini baridi imekuhurumia kidogo, na kwamba ile dawa ya kupaka unaipaka kweli, si kuipanga dirishani kama pambo. Shemeji kifua chake vipi? Na mjukuu wetu, bado anakataa viatu?

Huku hatujambo. Shemeji yako hajambo kuliko mimi. Mwalimu mstaafu mpe kiti cha kukunja na gazeti, umemmaliza. Tangu tufike Jumamosi hajavuka ukurasa wa tatu, maana kila akifika katikati usingizi unamchukua, na akiamka anaanza upya kwa kuwa hakumbuki aliishia wapi. Ameshanisomea habari ileile ya bei ya saruji mara tatu, kila mara kwa mshangao mpya.

Mimi ndiye situlii. Lile jina mlilonipa utotoni, Kiguu na Njia, huku limekuwa cheo kabisa. Wanao walichanga wakatuleta kisiwani siku tisa, eti baba na mama wapumzike, miaka thelathini ya ndoa si mchezo. Chumba ni kizuri, sina la kulalamika. Vitanda viwili vimesogezwa vikawa kimoja, feni inalialia juu, pazia ni la bluu, na ukutani kuna picha ya samaki anayenitazama kwa jicho moja. Nimeshahesabu vigae vya bafuni. Nimekwenda mwisho wa ufuo na kurudi mara nne kwa siku, mpaka dada wa mapokezi akaniuliza, "Mama, kuna kitu umepoteza?" Nikamwambia hapana, nanyoosha miguu tu.

Kipo, Dada. Hii ni barua ya tatu naianza, mbili nimezichana. Ngoja niliseme sasa hivi kabla sijainuka tena: sisikii harufu. Si harufu ya kahawa tu, ya kitu chochote. Ni tangu ile homa ya mwezi wa nne niliyokuandikia kuwa imepita. Ilipita kweli, nguvu zikarudi, hamu ya kula ikarudi, pua haikurudi. Chumvi naijua, sukari naijua, uchungu naujua, basi. Kahawa kwangu sasa ni maji ya moto yenye rangi.

Nimerudi. Nilikwenda kufunga dirisha, nikakuta limefungwa.

Unaelewa kwa nini nimekaa na jambo hili miezi minne. Mwingine angesema bahati mbaya, akaendelea na shughuli zake. Mimi pua ndiyo shamba langu. Huu ni mwaka wa ishirini na sita naonja kahawa za watu na kusema ipi ipite na ipi irudi. Na hata kabla ya kazi, pua ilikuwa ndiyo mimi. Nani alijua kwamba kopo la sukari limefunguliwa, na nani kalifungua? Nani alinusa manukato ya kijana fulani kwenye kitambaa chako cha kichwa akakuumbua mbele ya Mama? Kijana mwenyewe leo ni shemeji yangu, kwa hiyo usiseme pua hii haijakufaa.

Shemeji yako hajui. Wanao hawajui. Ofisini ndiyo kabisa. Nyumbani nimekuwa nikitia viungo kwa kijiko, kwa kipimo, kama mtu anayefuata kitabu. Mwezi wa sita sufuria iliungua mpaka jirani akaja kugonga mlango, na mimi niko palepale jikoni nakunja nguo. Shemeji yako akasema, "Siku hizi unapika ukiwaza." Nikaitikia kuwa ni kweli, nawaza.

Kazini nimefanya jambo baya zaidi. Unakumbuka nilivyokueleza meza yetu: kila kahawa inawekewa vikombe vitano. Ni vitano kwa sababu punje moja mbovu inaweza kujificha kwenye kikombe kimoja na vinne vikawa salama, kwa hiyo lazima upite vyote, unafyonza kwa kijiko, unatema kwenye ndoo, unasogea. Sasa nina binti msaidizi wangu, yule asiyeweza kuficha kitu usoni. Akikutana na chachu, nyusi ya kulia inapanda. Akikutana na kitamu, anafumba macho. Basi miezi minne yote nimekuwa nikiionja kahawa kwenye uso wa mtoto wa watu. Namwacha atangulie, namtazama, kisha nasema kwa sauti ya mkubwa kile ambacho nyusi yake imeshaniambia.

Mwezi wa saba siku moja alikuja na mafua, macho mekundu, uso umevimba, hausomeki. Asubuhi ile nilikuwa nimeshapitisha kahawa nne mfululizo, nikaona nikipitisha ya tano watu watashangaa. Nikaikataa. Kwa kubahatisha tu, Dada. Ilikuwa kahawa ya chama cha wakulima wa mlimani, watu waliohangaika nayo mwaka mzima. Kopo la sampuli yao bado limo kabatini kwangu na kila siku nalipita nikienda kutundika koti.

Jumatatu msimu mkubwa unafunguliwa, na binti anaanza likizo ya uzazi. Nitakuwa peke yangu mezani, na mbele yangu hapatakuwa na uso wa kusoma. Ndiyo maana silali vizuri, ndiyo maana nahesabu vigae. Ama nimwambie mkuu wa idara kabla ya Jumatatu, na hapo sijui nitakuwa nani, au ninyamaze na kuwaharibia watu kazi ya mikono yao.

Sasa mtu mwenye hali hiyo si angekaa mbali na kahawa? Mimi Jumanne nikakwenda kuitafuta. Pale mapokezi kuna tangazo limebandikwa: shamba la kahawa huko juu kilimani, wageni mnakaribishwa, mtatembezwa na kuonjeshwa. Nikalisoma Jumapili, nikalisoma Jumatatu, Jumanne nikamtikisa shemeji yako kitini. Akafungua jicho moja. "Yaani umepewa likizo, unaomba kwenda kazini?" Lakini alivaa viatu. Moyoni nilikuwa nimejidanganya kwamba pua imechoka na ofisi, na kwamba ikikutana na kahawa mtini labda itashtuka iamke.

Tulipanda na gari la nyumba ya wageni linalokwenda kuchukua mboga, sisi wawili na maharusi wawili waliokuwa wakipiga picha kila kitu, hata tairi la akiba. Shamba si kubwa. Mistari ya mibuni imeshuka na mteremko, migomba imewekwa katikati kwa ajili ya kivuli, na chini kuna banda la mashine ya kumenyea, tangi la saruji la kulowekea, na meza ndefu za wavu za kuanikia. Mwenye shamba aliwahi kuwa fundi wa injini za meli, akaja kuoa humu kisiwani na kurithi shamba la baba mkwe wake. Ni mcheshi, ana kofia iliyopasuka, na ukimwacha ataieleza ile mashine ya kumenyea mpaka kesho. Mkewe ni mfupi, mkimya, mikono ya nguo ameikunja mpaka kwenye viwiko. Nilijua mara moja kuwa mwenye kahawa ni huyu, yule mwingine ni mwenye mashine.

Nilitembea mbele yao kama mbwa aliyefunguliwa. Nilichuma iliyoiva nikaitafuna, utamu upo. Nikachota konzi ya kahawa mezani nikaizika pua humo. Hakuna kitu. Nikaenda kwenye tangi, ambako najua kabisa panatakiwa kunuka mpaka uchungulie kwa kugeuza uso pembeni, nikainama mpaka kidevu kikakaribia maji. Hakuna. Bibi harusi akanipiga picha.

Hapo ndipo shemeji yako, kwa mapenzi yake, akanichimbia shimo. Fundi alikuwa ananieleza kwamba punje nyekundu ndiyo iliyoiva na ya kijani bado. Shemeji yako hakuvumilia. "Bwana, huyo unayemfundisha ndiye mwalimu. Mwaka wa ishirini na sita huu anaonja kahawa."

Fundi akavua kofia. "Mama! Na mnunuzi anakuja Jumamosi, kahawa iko ghalani tayari, sisi tunajiuliza kama iko sawa. Mungu amekuleta." Nikasema niko likizo. Nikasema sina kijiko changu. Maharusi wakapiga makofi, fundi akakimbia kutafuta kijiko, na shemeji yako akajinyoosha kama mtu aliyeoa vizuri. Ningeweza kusema pale pale, Dada. Nilifungua mdomo kabisa, kisha nikamwona anavyonitazama, nikaufunga.

Mkewe alipanga vikombe vitano barazani. Akasaga, akamimina maji, tukasubiri. Mimi nikafanya yote kama inavyotakiwa, mikono inaijua kazi hata mwenyewe nisipokuwepo. Nikavunja utando wa juu kwa mgongo wa kijiko, nikainama, nikafyonza kwa ule mlio uliokuwa ukikuudhi mezani, nikatema, nikasogea. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano. Nikanyanyua uso nikasema, "Safi. Vyote vinalingana." Fundi aliruka. Mkewe hakuruka. Alivikusanya kimoja kimoja kwenye sinia, akanitazama kidogo, akaingia ndani.

Wengine walipokwenda kuona meza za kuanikia, akatokeza mlangoni. "Mwenzangu, njoo unisaidie jikoni mara moja." Nikaingia. Jiko lake ni safi, kuna dirisha moja, meza ya mbao, gunia la kahawa na ungo. Katikati ya meza ameweka kikombe kimoja. "Onja tena hiki." Nikaonja. Nikasema ni kizuri.

Akavuta kigoda akakaa. "Hiki ni cha tatu. Nimetia kahawa iliyosahauliwa kwenye tangi siku nne ikaoza. Nimeitunza kwenye kopo makusudi. Kila mnunuzi anayekuja kutuonjea namwekea kimoja, maana miaka ya nyuma alitujia mmoja hajui kitu akatuharibia jina. Asiyejua hukiacha kipite. Lakini wewe unajua. Nimeuona mkono wako. Kwa hiyo nimeshindwa kukuelewa."

Nilishika ukingo wa meza. Akaniuliza neno moja tu: "Lini?"

"Mwezi wa nne," nikajibu, na Dada, mimi nisiyelia hovyo, nililia pale mbele ya mtu nisiyejua hata jina lake, nikamweleza yote, binti na nyusi yake, ile kahawa ya mlimani, Jumatatu. Hakunipigapiga mgongo. Alinyanyua ungo akaujaza kahawa kutoka kwenye gunia akausukuma mbele yangu. "Kaa tuchambue. Macho si unayo?" Tukachambua. Zilizovunjika huku, zilizotobolewa na wadudu huku, nyeusi huku. Sijui ni nusu saa au zaidi. Ninachojua ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu homa ile miguu yangu ilitulia, na nilifurahi, nilifurahi kabisa, kila nilipookota punje mbovu ambayo yeye ameipita.

Kisha akasema, "Mume wangu ameamini neno lako. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?" Nikasema nitamwambia mwenyewe.

Sasa sikia nilichofanya, na ukiweza usinichukie. Nilitoka nje barazani, wote wapo, nikasema, "Samahani, nimerudia kuonja. Kikombe cha tatu kimeharibika." Basi! Fundi akaangua kicheko, akapiga paja, "Kumbe hata wewe umetegwa! Umefaulu mtihani wa mke wangu, Mama! Wengi wanaanguka!" Maharusi wakataka picha na mimi. Shemeji yako alinishika bega, macho yanameremeta, akasema, "Si niliwaambia?" Nami nikatabasamu kwenye picha. Yule mama alikuwa mlangoni na ungo wake. Hakuniumbua.

Tulipokuwa tunapanda gari alinisogelea dirishani na kunipa pakiti ya kahawa. Akasema kwa sauti ya chini, "Jumatatu sitakuwepo kukuita jikoni." Akageuka akarudi kwenye shughuli zake.

Hayo yalikuwa Jumanne. Jana nilitembea ufuo mara saba. Jana hiyohiyo jioni niliandika barua kwa mkuu wa idara, fupi, haina mapambo: kwamba sifai tena kukaa mezani, kwamba kopo la wale wa mlimani lionjwe upya na mtu mwenye pua, na kwamba wakitaka mtu wa kuchambua kwa macho na kufundisha vijana kushika kijiko, nipo. Wakisema hapana, basi. Nitaipeleka mwenyewe Jumatatu kabla maji hayajachemka. Nimeogopa kuiandika kuliko nilivyoogopa kujifungua, na sasa imekwisha naogopa kuibeba.

Bado shemeji yako. Kumwambia uso kwa uso nimejaribu mara mbili, mara moja nikaishia kumuuliza bei ya saruji. Kwa hiyo nimeamua hivi: barua hii nitampa yeye aitie kwenye bahasha. Wewe unamjua. Mwalimu yule hawezi kufunga barua bila kuisoma na kusahihisha herufi kubwa. Shemeji yako akifika mstari huu, namwomba aje anikute ufukweni. Sitakuwa mbali.

Limebaki moja, nalo ni lako. Mwezi wa sita ulinitumia kipande cha sabuni, ile ya karatasi ya njano, ukasema umeipata dukani huko, ukainusa, ukasimama katikati ya watu kwa sababu Mama alikuwa ameingia. Nikakujibu kwamba nami niliifungua nikanusa nikalia, kwamba ni yeye kabisa, mikono yake baada ya kufua. Dada, nililia kweli. Ila niliisugua puani mpaka ikaniwasha na Mama hakuja. Nilikudanganya kwa sababu ulikuwa umefurahi.

Miaka ishirini na sita kazi yangu imekuwa kuwapa watu maneno ya kitu wasichoweza kukinusa wenyewe. Leo naomba nipewe. Ukipata nafasi, kaa na kipande chako, unuse taratibu, halafu uniandikie inanukaje. Usiandike kwamba inanukia vizuri. Andika yote. Mimi nitaisoma na macho yamefumbwa, ukiacha kwamba sijui nitasomaje hivyo.

Nisalimie sana shemeji, mwambie pua iliyomkamata imestaafu, sasa anaweza kujipulizia atakavyo. Nibusie mwanangu fundi umeme na mkewe, na mjukuu wetu Peku mwambie bibi anamtetea, viatu vina wakati wake. Wanao kule nyumbani wanakusalimu, yule mkubwa anauliza utakuja lini. Mungu akulinde wewe na goti lako, akupe siku zenye jua, na akuwekee vikombe vyote vitano vya kwako, hata kimoja kisipungue.

Wako akupendaye, na anayekukumbuka kila saa,
Mdogo wako, Kiguu na Njia

Naongeza haya Alhamisi hiyohiyo, saa kumi na moja jioni. Ameisoma. Alinifuata ufukweni bila viatu, yeye ambaye hachukui hatua bila soksi, karatasi zote mkononi. Alikuwa amesahihisha mahali pawili pale mwanzo, baada ya hapo hakuna alama ya kalamu yake popote. Alikaa mchangani na suruali yake nzuri. Halafu akaenda jikoni kwa wenye nyumba, akarudi na kahawa ya ile pakiti, akasema nimwambie anieleze nini. Nikamwambia anuse aniambie. Akainama, akavua miwani, akafumba macho, akafikiri sana, Dada, kama mtu anayetafuta jibu la mtihani wa mwisho. Nikamsubiri.

"Inanukia," akasema, "inanukia kahawa."

Nimecheka mpaka nimelia. Anasema atajaribu tena kesho. Lakini kwa habari ya sabuni, nakutegemea wewe.